Visu sita vya mzee wa Tabora: nivisafishe, nivinoe au niviache kama vilivyo?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nina rafiki yangu, mzee wa miaka 86, anaishi Tabora. Alifanya kazi reli tangu ujana mpaka akastaafu. Tulifahamiana nilipopanga chumba kwake nikiwa mwanafunzi, na ingawa ni wa umri wa babu yangu, urafiki wetu haujakatika. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, akanitolea boksi la visu vya kukunja sita. Akaniambia macho yake hayaoni vizuri na mikono inatetemeka, kwa hiyo nivichukue mimi nivitunze. Nimekuja navyo Kigoma. Kimoja ni Okapi cha mpini wa mbao. Kimoja kina mpini mweupe, kimeandikwa Sheffield, nacho hakifunguki kabisa. Kimoja ni cheusi, kina mwiba mrefu wa chuma na alama ya mshale. Kingine ni chekundu cha Uswisi, kingine Opinel, na cha mwisho kina mpini wa njano wenye madoa kama gamba la kobe, kinatoa harufu kali. Mabapa mengi yamekuwa meusi, na tangu nifike huku yameanza kutoa kutu nyekundu. Mama mwenye nyumba ananishauri nivipake mawese. Fundi mmoja wa grenda anasema atavipitisha mashine ving'ae kama vipya. Nivipeleke? Na nivitumie au nivifungie kabatini? Naogopa kumwangusha mzee."*

Marahaba. Kabla sijaeleza lolote kwa urefu, fanya mambo matatu leo hii. Usivipeleke kwa fundi wa grenda. Usivipake mawese. Na hicho cha mpini wa njano kitoe kwenye boksi sasa hivi, ukiweke peke yake mahali penye hewa, mbali na jiko na jua. Mengine yote yana muda, tutakwenda nayo taratibu.

Ninavyoelewa swali lako, mzee amekukabidhi vitu alivyovishika miaka mingi, nawe unaona vinaharibika mikononi mwako ndani ya mwezi mmoja. Hujafanya kosa lolote. Umevitoa Tabora, kwenye uwanda wa juu wenye hewa kavu zaidi, ukavileta kando ya ziwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, chuma kisichopakwa kitu huanza kushika kutu kwa kasi, na Kigoma msimu wa mvua unyevu huo upo usiku na mchana. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, kwa hiyo huna tatizo la hewa ya chumvi kama watu wa Tanga au Mtwara. Chumvi yako itatoka kwenye jasho la mikono, na kwenye samaki ukitumia kisu jikoni.

Sasa tutenganishe weusi na kutu, maana watu wengi huvichanganya na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Bapa la chuma cha zamani, kile kinachoshika kutu, likikata maembe, vitunguu na nyama kwa miaka, hujenga utando mwembamba wa kijivu au mweusi wenye rangi ya bluu kwa mbali. Utando huo umeshikana na chuma. Ukipitisha kidole hautoki, na unasaidia kuzuia kutu isiingie. Kutu nyekundu ni kitu kingine kabisa. Ina unga, ina magamba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujiinua na kuacha vinyweleo vinavyofyonza maji zaidi. Ndiyo maana kutu huzaa kutu. Weusi uache, ni kazi ya miaka ya mzee wako na ni kinga. Wekundu uondoe.

Grenda huondoa vyote viwili, na huondoa pia kitu usichokiona. Bapa la kisu lilipotengenezwa lilichomwa, likazimwa ghafla likawa gumu kama kioo, kisha likapashwa tena kwa nyuzi joto 200 au zaidi kidogo ili lisivunjike ovyo. Ugumu uliobaki baada ya hapo ndio unaoshika makali. Ukingo wa kisu ni mwembamba mno, hauna nyama ya kubeba joto. Ukigusishwa kwenye jiwe linalozunguka kasi, ndani ya sekunde chache unapita kiwango hicho. Chuma hugeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na kikifika bluu kimekaribia nyuzi 300. Hapo ukingo umelainika na hakuna kunoa kutakakourudisha. Fundi akishapitisha kitambaa cha kung'arishia, ile bluu inafutika, unapewa kisu kinachong'aa kisichokata zaidi ya siku mbili. Maandishi ya kiwanda nayo yanakuwa yamesagika. Simlaumu huyo fundi, grenda ni kifaa kizuri cha mapanga na majembe. Kwa visu hivi sicho.

Mawese nayo yana shida ya aina yake. Mama mwenye nyumba amekupa ushauri wa wema, na kweli mafuta yoyote huzuia maji kwa siku chache. Lakini mawese ya kukamuliwa nyumbani yana asidi ya mafuta iliyojitenga, na asidi hiyo hula shaba. Ndani ya visu vingi vya kukunja, pembeni mwa bapa, kuna bati nyembamba za shaba ya manjano. Ukizipaka mawese, baada ya muda utaona ute wa kijani kwenye maungio. Isitoshe, mawese huganda hewa ikipoa, hushika vumbi, na yakichacha hugeuka gundi. Alizeti na mafuta mengine ya kupikia yana tabia hiyohiyo ya kugeuka gundi. Tumia mafuta ya cherehani. Chupa ndogo moja itakutosha mwaka mzima kwa visu vyote sita.

Nirudi kwenye kisu cha njano, kwa sababu ndicho kinachonitia wasiwasi. Mpini wa namna hiyo, wenye madoa ya kuiga gamba la kobe na harufu kali, kwa kila dalili ni selulosi ya naitreti, plastiki ya kwanza kabisa kuenea duniani, iliyotumika kwenye visu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Ikiwa nzima hunukia kafuri kidogo. Ikianza kuoza, harufu huwa kali ya kuchoma pua, na kinachonukia ni gesi zinazogeuka asidi zikikutana na unyevu. Asidi hiyo huangukia chuma chochote kilicho jirani. Ukiangalia visu vilivyokilalia karibu kwenye boksi, huenda ndivyo vyenye kutu mbichi kuliko vingine. Kwa hiyo kutu yako ina sababu mbili, hewa ya Kigoma na huyu mgonjwa mmoja aliyefungiwa na wenzake.

Kuoza huko hakuzuiliki. Kunaweza kucheleweshwa kwa kukiweka mahali pa baridi penye hewa, juu ya kipande cha kitambaa cha pamba, bila kukifunga kwenye plastiki, maana gesi ikikosa pa kutokea huongeza kasi. Plastiki hii pia huwaka moto haraka sana. Utasikia watu wanasema ukitaka kujua mpini ni wa nini, uuchome na sindano ya moto. Usithubutu. Kipige picha pande zote, pima urefu wa mpini kwa rula, kisha una uchaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni kukiacha kife polepole peke yake, huku ukifuta bapa na kulipaka mafuta kila wiki mbili. Wa pili ni kumpa fundi mwenye mkono mwepesi atoe mpini mzima, asafishe bati za ndani, aweke mpini mpya wa mninga au mpingo. Mninga wa Tabora ni mti unaofaa sana hapa, ukishakauka vizuri hauchezi kwa unyevu na ukame. Kama ufa umeshaonekana au plastiki inamong'onyoka, mimi ningefuata njia ya pili, kwa ruhusa ya mzee. Utapoteza mpini lakini utabaki na bapa na springi alivyovitumia yeye.

Cha Sheffield kina maswali mawili, mpini mweupe na kutofunguka. Tuanze na mpini, kwa sababu una sheria ndani yake. Viwanda vya mji huo wa Uingereza vilitumia mfupa wa ng'ombe, pembe, plastiki ya kuiga, na pia pembe za ndovu. Chukua lenzi ya kukuzia, utazame mpini mahali ulipokatwa, kwenye mwisho wake. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi au vijistari vifupi vilivyojaa uchafu, kwa sababu ndimo ilimopita mishipa ya damu. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Kwenye mkato wake utaona mistari hafifu inayopishana kama wavu. Plastiki ya kuiga ina mistari iliyonyooka na kulingana mno. Vingi vya visu vya namna hii ni mfupa, kwa hiyo usianze kuhangaika kabla hujaangalia. Lakini ukiona ule wavu, simama hapo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara za Serikali (sehemu za mwili wa mnyamapori, kama pembe za ndovu) bila kibali ni kosa, hata kama kitu ni cha zamani na umepewa kwa mapenzi. Usikiuze, usikitume kwa basi, usikipeleke kwa sonara. Pata kwanza ushauri wa wakili au kituo cha msaada wa kisheria kuhusu namna ya kukitolea taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori. Hili si la kufanya kwa kubahatisha.

Ikiwa ni mfupa, tuendelee. Ili ujue unachopambana nacho, fahamu kisu cha kukunja kinavyofanya kazi. Bapa lina shina, kile kipande kisicho na makali kinachoingia kwenye mpini na kutobolewa tundu la pini. Mgongoni mwa mpini kuna ukanda wa chuma wenye mnyumbuko, ndiyo springi. Springi hiyo hukandamiza shina muda wote. Shina lina pande bapa, na springi ikikaa kwenye upande bapa, kisu kinatulia, ama kimefunguka ama kimefungika. Kati ya hapo springi inalazimika kuinuka. Kisu kikikaa miaka bila mafuta, mafuta ya zamani hugeuka lami, kutu huziba nafasi ya unene wa karatasi kati ya shina na bati, na springi hushikana na bati za pembeni. Ukivuta kwa nguvu, unainamisha springi isiyoweza kuteleza. Ikiwa na kishimo cha kutu, hukatika hapohapo. Springi ya kisu cha zamani ikikatika, kupata ya kubadilisha ni shida kubwa.

Kwa hiyo usitumie koleo, wala msumari kwenye kile kijimfuo cha kuvutia bapa kwa ukucha. Changanya kijiko kimoja cha mafuta ya taa na kijiko kimoja cha mafuta ya cherehani. Kwa ncha ya sindano au kijiti, dondosha matone matatu kwenye ungio, kutokea upande wa ndani bapa linapolala. Usikizamishe kisu kizima, mfupa utanyonya mafuta ya taa na kubadilika rangi. Kiegemeze upande wa ungio ukiwa chini ili mafuta yashuke kwenye pini. Rudia asubuhi na jioni kwa siku mbili, tatu kama kimeshikana sana. Kisha kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kifunge kwenye mgongo wa bapa upate mshiko, uvute polepole bila kukurupuka. Likisogea milimita moja, shangilia, lirudishe lilipokuwa, ongeza tone. Fungua kidogo, funga, fungua zaidi kidogo. Yatatoka matope meusi au ya kahawia. Yapulize kwa pampu ya baiskeli, futa kwa njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba, weka tone jipya, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Kazi hii inaweza kuchukua jioni nzima, na mara nyingine jioni tatu. Kikiwa na mabapa mawili, fungua moja tu kwa wakati. Kuna visu ambavyo springi moja inahudumia mabapa yote mawili, na yote yakisimama nusu kwa pamoja, springi inainama kupita kiasi. Baada ya siku tatu za mafuta kama hakijasogea kabisa, achana nacho, hicho kinahitaji mkono wa fundi.

Kutu ya mabapa mengine ni kazi nyepesi. Tafuta waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, ponda ncha yake kwa nyundo mpaka iwe bapa kama patasi ndogo. Paka bapa la kisu mafuta ya cherehani, liache nusu saa, kisha kwangua magamba mekundu kwa hiyo shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo inang'oa kutu bila kuchora mikwaruzo. Kwenye maandishi ya shina tumia kijiti cha mwanzi. Futa, paka tena, acha usiku kucha, rudia. Ukifika kwenye weusi uliotulia, acha. Vishimo vidogo vitabaki, usivifukuze. Kuvifuta maana yake ni kula chuma kizima kinachovizunguka.

Utaambiwa habari za ndimu na chumvi, siki, hata maji ya betri. Asidi haichagui, inakula kutu na inakula chuma, na kwenye springi iliyokazwa asidi kali inaweza kuleta ufa. Chumvi inayochanganywa na ndimu ni mbaya zaidi, kwani hujificha kwenye maungio na kuendelea kuvuta maji miezi baada ya miezi. Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, nayo husaga herufi na kuacha unga mweupe ndani yake.

Kuhusu umri na thamani, angalia maandishi kwenye shina la kila bapa, kwa mwanga wa pembeni. Okapi ina historia inayogusa huko kwenu moja kwa moja. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, miaka kumi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu 1988 alama hiyo iko Afrika Kusini. Kwa hiyo kama shina linataja Ujerumani, kisu kina umri. Kama kinataja Afrika Kusini, ni cha baada ya hapo. Na kisu chochote kilichoandikwa Ujerumani ya Magharibi kwa Kiingereza au Kijerumani kilitengenezwa kati ya 1949 na 1990. Mshale kwenye kile cheusi ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza, na mara nyingi pembeni yake kuna mwaka. Ule mwiba ni wa kufungulia mafundo na kusuka kamba nene, kazi ambayo mvuvi wa Kibirizi angeifahamu mara moja. Cha Uswisi kikiwa na jina Victorinox hakitangulii 1921, mwaka ambao jina hilo lilianza. Kikiandikwa Inox au Rostfrei ni chuma kisichoshika kutu. Hicho kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, fungua na funga ndani ya maji, kausha kabisa, weka tone la mafuta kila ungio. Kitakuwa kisu chako rahisi kuliko vyote. Opinel ni cha Ufaransa, tangu 1890. Pete ya kufungia bapa ilianza 1955, ingawa saizi ndogo hazina pete hata leo. Mbao yake ikivimba kwa unyevu wa Kigoma bapa litabanwa, usilivute kwa meno. Kikaushe kivulini siku mbili, kisha gonga kisigino cha mpini kwenye meza, bapa litachomoza lenyewe.

Usitarajie pesa kubwa. Visu vya namna hii vilitengenezwa kwa wingi mno, na vilivyotumika kama vyako havitajirishi mtu. Nasema hivi ili usishawishike na atakayekuambia ni adimu akitaka kununua kimoja, wala na atakayekuambia ni vyuma chakavu.

Kunoa. Tumia kinoo cha mkono, upande laini wa namba 1000, na ule mkwaruzo zaidi wa 400 ikiwa tu ukingo una mapengo. Kinoo cha maji kipe maji, kilichozoea mafuta kipe mafuta, usivichanganye. Pembe inayofaa ni nyuzi 20 kila upande, na huhitaji kifaa kuipima, inua mgongo wa bapa kutoka kwenye jiwe kwa theluthi ya upana wa bapa. Bapa la milimita 18, mgongo uinuke milimita 6. Sogeza kana kwamba unakata utandu mwembamba juu ya jiwe, kuanzia kisigino hadi ncha, kwa uzito wa mkono wenyewe, mpaka upande wa pili uhisi kwa kidole gumba ukingo mdogo unaokwaruza. Geuza, fanya idadi ileile. Kisha punguza nguvu, upande mmoja mara moja, upande wa pili mara moja, kama mara kumi. Malizia kwa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara 15 kila upande. Kama huna kinoo kizuri, ule mduara wenye mkwaruzo, usio na utando wa kung'aa, chini ya kikombe cha kauri unanoa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kitu kimoja nakuomba, ukikuta bapa limelika, jembamba katikati kuliko mwanzo, usilinyooshe liwe kama la dukani. Umbo hilo limetokana na mkono wa mzee, alivyobana na alivyovuta.

Kinga ya kudumu unayo jirani. Tabora ni nchi ya asali, na penye asali pana nta. Nta yenye mabaki ya asali haifai, asali ina asidi na huvuta maji. Iyeyushe ndani ya maji ya moto, ipoe, asali ibaki kwenye maji na nta igande juu. Kisha chukua sehemu moja ya nta safi kwa sehemu nne za mafuta ya cherehani kwa uzito, yeyusha kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Ikipoa utapata malai laini. Paka kiasi cha punje ya mchele kwenye bapa na mpini wa mbao, sugua, futa mpaka kidole kisiteleze. Kwa visu vitakavyogusa chakula, badala ya mafuta ya cherehani tumia likwidi parafini, ile dawa ya kulainisha choo ya duka la dawa. Ukikosa yote haya, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha.

Usivihifadhi kwenye vifuko vya ngozi hata kama vilikuja navyo. Ngozi ina dawa za kiwandani zinazokula chuma na kuipa shaba ukijani. Vifunge kimoja kimoja kwa vipande vya khanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa bila manukato, uviweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vipakiti vitano au sita, na vipakiti hivyo uvianike juani kila mwezi. Isipokuwa cha njano, hicho kinabaki nje. Tangu Novemba hadi Aprili fungua kila mwezi, kagua, futa. Kiangazi kila miezi mitatu.

Kuvitumia au kuvifungia? Mimi ningevigawa. Okapi na cha Uswisi vitumie. Springi inayofanya kazi na kupata mafuta hudumu kuliko inayolala, na mzee atafurahi kukuona unamenya chungwa kwa kisu chake. Ukifunga Okapi, vuta kwanza pete ya mgongoni ndipo ukunje, usishindane na meno yake. Usitumie chochote kati ya hivi kwa dagaa wa chumvi. Chumvi ya Uvinza ni nzuri sana kwa samaki na mbaya sana kwa chuma hiki, usiku mmoja bila kufuta unatosha kuleta kutu. Opinel itumie kwa mkate na matunda. Cha Sheffield na cha jeshi vipumzishe. Kubeba kisu mfukoni mjini kila siku sikushauri, na ukisafiri kwa ndege kiende kwenye mzigo wa chini.

Kuna kazi moja ambayo haina mbadala, nayo ina haraka kuliko kutu. Rudi Tabora. Ni kilomita kama 400 kwa treni. Chukua visu vitano, acha cha njano (na cha Sheffield pia, kama uliona ule wavu), ubebe simu yenye chaji. Mpe kimoja kimoja mkononi, kwa kuwa haoni vizuri atavitambua kwa vidole. Rekodi kila kisu peke yake, ukianza kwa kutaja ni kipi. Muulize alikipata wapi, kwa nani, alikifanyia kazi gani, nani mwingine aliwahi kukishika. Muulize ufa huu ulitoka wapi. Muulize alinoa kwa jiwe gani. Usiulize kama mwandishi wa habari, kaa naye, kunywa chai, acha anyamaze akitaka. Ukirudi, andika kwenye kadi kwa kalamu ya risasi, ifunge kwenye kisu kwa uzi wa pamba. Usibandike karatasi ya gundi juu ya mpini, na usichonge jina lake kwenye bapa.

Ukiwa hukohuko, muombe kwa heshima awaambie watoto wake, mbele yako, kwamba amekupa visu hivi kwa hiari yake akiwa hai. Karatasi fupi yenye tarehe, orodha ya visu, sahihi yake au dole gumba, na shahidi mmoja wa familia inatosha. Zawadi isiyo na shahidi hugeuka ugomvi wa mirathi msibani, na hapo hata kisu cha bei ya soda kinaweza kutenganisha watu. Kama mmoja wa wanawe atasema kisu fulani angependa abaki nacho, mwachie, nawe bakia na rekodi yake.

Mtafute mtu ana kwa ana katika mambo haya: springi iliyokatika au yenye ufa unaoonekana, pini iliyolegea mpaka bapa linacheza kulia na kushoto, mpini wa njano, na Sheffield ikigoma. Nenda kwa sonara kuliko kwa mchomeleaji. Sonara ana nyundo ndogo, ana fuawe ndogo, amezoea kupiga polepole, na pini iliyolegea hukazwa kwa mapigo mepesi sita au saba. Mwambie kwa kinywa chako asing'arishe. Akichukua moto kuchomelea chochote karibu na springi au bapa, msimamishe.

Na ukijikata, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo uulize kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ulichanjwa lini. Kutu yenyewe haina pepopunda, ni vijidudu vya udongo vinavyojificha kwenye uchafu wa maungio, na Sheffield yako imekaa na uchafu huo kwa muda ambao huenda hata mzee haukumbuki. Kwa hiyo siku ile inapoanza kusogea, vaa glavu nene, na makali yaelekee mbali na kiganja.